Batobato Moja, Nasaba Nyingi: Utambuzi wa Virusi vya Maharagwe na Tatizo la Istilahi

Mwaka jana mwenzangu wa kitivo cha kilimo aliniletea maandishi ya kurasa nne ya Kiingereza, akaniomba niyatafsiri kwa Kiswahili ili yagawiwe wakulima wa maharagwe. Kazi ilionekana nyepesi. Katika ukurasa wa pili nilikuta sentensi iliyosema kwamba mbegu fulani haipatwi na ule ugonjwa wa majani ambao kwa Kiswahili huitwa batobato. Sentensi hiyo ilikuwa na mkia mrefu: ilieleza kwamba kinga ya mbegu hiyo ina mipaka, kwa kuwa zipo namna nyingine za kirusi ambazo huiua kabisa. Kwa vile sikuwa na neno la kutafsiria hizo "namna nyingine", na kwa vile mkia wenyewe niliuona kuwa ni wa kitaalamu mno, niliukata. Nikaandika: "Aina hii haipatwi na batobato."

Mwenzangu alisoma, akaweka kalamu chini. "Mwalimu," akaniambia, "kila neno hapa ni la kweli, na mtu akilifuata atapoteza shamba."

Makala haya yametokana na maneno hayo. Nia yake ni kueleza, kwa msomaji wa lugha ambaye si mtaalamu wa mimea, jinsi wanasayansi wanavyotambua nasaba mbalimbali za virusi vinavyoshambulia mazao ya mboga, na kuonyesha ni kwa nini neno moja la Kiswahili halikunitosha. Nimechagua maharagwe kuwa mfano, kwanza kwa sababu ni chakula cha kila siku katika nchi zetu, na pili kwa sababu virusi vyake vimechunguzwa kwa muda mrefu, na sehemu muhimu ya habari yake inahusu Afrika ya Mashariki yenyewe.

Jina litokalo machoni

Batobato ni alama za rangi mbalimbali zilizochanganyika pahali pamoja. Mnyama mwenye mabaka husemwa ana batobato, na nguo iliyochujuka rangi vibaya vilevile. Wakulima wa muhogo wa Tanzania walilitwaa neno hilo wakaupa ugonjwa unaolifanya jani kuwa na mabaka ya manjano na kijani, na kutoka kwenye muhogo neno likasambaa hadi kwenye mazao mengine. Katika maharagwe dalili ni kwamba jani huwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani iliyofifia, mara nyingi ile kibichi ikifuata mishipa. Jani hujikunja kwenda chini na mmea hudumaa.

Kuupa ugonjwa jina kwa kadiri ya macho si jambo la Waswahili peke yao. Adolf Mayer, aliyefanya kazi Wageningen huko Uholanzi, aliueleza ugonjwa wa tumbaku mwaka wa 1886 kwa jina lililotokana na nakshi za vijiwe vya rangi zinazopambia sakafu na kuta. Yeye na mkulima wa muhogo walifanya jambo lilelile: walitazama jani wakalitaja walichokiona.

Hapo ndipo penye tatizo. Jicho halioni kirusi. Huona kile ambacho mmea umefanya baada ya kuambukizwa. Shamba la maharagwe laweza kuwa na batobato kwa sababu ya kirusi cha batobato ya kawaida ya maharagwe, au kile cha batobato ya manjano, au hata kile cha matango ambacho hushambulia mimea ya jamii nyingi. Dawa ya magugu ikipeperushwa na upepo, au udongo ukipungukiwa na madini fulani, majani pia hugeuka rangi kwa namna inayoweza kumdanganya mtazamaji. Na kinyume chake pia ni kweli: kirusi kimoja chaweza kuleta mabaka katika mbegu moja, kisilete dalili yoyote katika mbegu ya pili, na kuiua ya tatu.

Kirusi na wingi wake

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme machache juu ya neno lenyewe. Neno virusi lilipoingia Kiswahili lilikuja kama mgeni asiye na umoja wala wingi. Masikio yetu yakasikia vi- mwanzoni, yakalitia katika ngeli ya KI-VI, na kutokana na wingi huo ukazaliwa umoja wake, kirusi. Njia hii ni kongwe. Ndiyo iliyotupa vitabu kutokana na kitabu cha Waarabu, ijapokuwa huko tulianzia umoja tukaenda kwenye wingi. Wapo wanaolikataa neno kirusi kwa hoja kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi. Nadhani herufi kubwa yatosha kuzitenganisha maana hizo mbili. Tena, aliyeonyesha mwaka wa 1892 kwamba utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa huendelea kuambukiza hata baada ya kupitishwa katika kichujio kinachozuia bakteria alikuwa Mrusi, Dmitri Ivanovsky. Miaka sita baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi alishikilia kwamba kinachopita katika kichujio hicho si bakteria mdogo bali ni kitu cha namna nyingine kabisa.

Kirusi cha batobato ya maharagwe ni uzi mwembamba unaopindika, wenye urefu wa nanometa 750 hivi. Chembe 1,300 zikipangwa kichwa kwa mkia hazifiki milimita moja. Nje kuna ganda la protini. Ndani kuna asidi ya RNA yenye herufi za urithi zipatazo 10,000. Kirusi huingia shambani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni punje yenyewe inayopandwa, kwa kuwa mmea ulioambukizwa ukiwa mchanga huweza kuwarithisha watoto wake ugonjwa. Njia ya pili ni vidukari, ambao huchota kirusi kwa kudunga jani mara moja kwa nukta chache tu na kukipeleka kwenye mmea wa jirani.

Kirusi kinapojinakili ndani ya seli hakina msahihishaji wa kazi yake. Makosa ya kunakili hutokea daima, na mengi kati yake hupotea bila athari. Lakini mara mojamoja kosa humpa mwenye nalo uwezo mpya, kwa mfano uwezo wa kuambukiza mbegu ambayo wenzake hawaiwezi, na watoto wake wakaurithi na kuudumisha. Kizazi cha namna hiyo, kilicho na sifa yake ya kudumu lakini bado kikiwa ndani ya kirusi kilekile, ndicho ninachokiita nasaba katika makala haya. Nitarudi baadaye kulitetea neno hili.

Wazo kwamba kirusi kimoja chaweza kuwa na nasaba nyingi lilipata nguvu katika miaka ya 1920. H. H. McKinney wa Marekani aliona vidoa vya manjano kali kwenye mimea ya tumbaku iliyokuwa na batobato ya kawaida, akavitenga na kuvikuza peke yake. Mwaka wa 1929 alieleza tena kwamba mmea uliokwisha kuambukizwa nasaba ya kijani haukupatwa na ile ya manjano. Mwenye ukoo aliyetangulia alikuwa amemfungia mwenzake mlango. Kwa miaka mingi jambo hilo lilitumika kama kipimo cha undugu: virusi viwili vikizuiana ndani ya mmea, huchukuliwa kuwa ni ndugu. Katika maharagwe, somo lilikuja kwa hasara. Mwaka wa 1943 Richards na Burkholder waliripoti kutoka New York nasaba iliyokuwa ikishambulia maharagwe yaliyodhaniwa kuwa yana kinga.

Kuuliza mmea

Nilipokuwa nikisomea isimu ng'ambo kwa shahada ya pili, jirani yangu katika bweni alikuwa mwanafunzi wa magonjwa ya mimea. Jioni moja ya baridi alinichukua kwenye nyumba yao ya vioo, hasa kwa sababu kulikuwa na joto huko. Nilikuta safu za vyungu vya maharagwe, kila safu ikiwa na kibandiko cha jina, na nikamwuliza wanakula lini. Alicheka sana. Maharagwe yale, alisema, hayakupandwa ili yaliwe. Yalipandwa ili yaugue.

Njia hii ndiyo kongwe kuliko zote na, kwa maoni yangu, ndiyo inayoeleweka kwa urahisi zaidi na mtu wa lugha, kwa kuwa inafanana na kumtambua msemaji kwa kumtamkisha maneno machache yaliyochaguliwa. Jani lenye ugonjwa husagwa katika maji yaliyotiwa chumvi maalumu. Majani mawili ya kwanza ya mche mchanga hunyunyiziwa unga laini wa kaborundamu, kisha utomvu hupakwa juu yake kwa kidole au kitambaa. Unga hukwaruza ngozi ya jani bila kuliua, na kirusi hupata pa kuingilia. Mche huwekwa mahali pasipofikiwa na vidukari. Baada ya wiki mbili hadi nne msomaji hupita na daftari lake: huu umetoa mabaka, huu hauna kitu, huu umekufa.

Utomvu mmoja hupakwa juu ya mbegu nyingi tofauti, na jumla ya majibu ndiyo inayotaja nasaba. Ili majibu ya Nairobi yalingane na ya Wageningen, hapana budi mbegu ziwe zilezile. Orodha iliyokubaliwa na wengi ni ile iliyotolewa na Drijfhout wa Uholanzi mwaka wa 1978. Ndani yake mna Dubbele Witte, Michelite 62, Pinto UI 114, Monroe, Widusa, Jubila, Amanda na nyinginezo. Dubbele Witte haina kinga yoyote, na hiyo ndiyo kazi yake: isipougua, basi utomvu haukuwa na kirusi hai na majibu ya wenzake wote hayana maana. Nyingine zina jeni za kinga zilizojificha, ambazo huonekana tu mmea ukizirithi pande zote mbili, kila mbegu ikiwa na mchanganyiko wake. Widusa ina jeni ya namna nyingine, yenye nguvu hata ikirithiwa upande mmoja, nayo huitwa jeni I. Kwa kuzilinganisha jeni za mbegu na uwezo wa nasaba, Drijfhout alizigawa nasaba katika makundi saba, nayo huandikwa kwa nambari za Kirumi.

Naomba niingize neno hapa. Katika orodha ile hamna Wairimu wala Rosecoco. Wakulima wetu ni hodari wa kuyapa maharagwe majina: kwa rangi, kwa watu, kwa muda wa kukomaa. Jina Mwezi Moja, ambalo mwalimu yeyote wa sarufi angelitamani kulitia alama nyekundu, limeshinda masahihisho yote, na mbegu yenyewe ilipoingizwa katika orodha ya mradi wa mikunde wa Thika ilipewa nambari GLP 1004 bila kubadilishiwa jina. Rosecoco ikawa GLP 2, na Canadian Wonder GLP 24. Lugha iliyo tajiri hivi kwa mbegu haina jina hata moja kwa nasaba za kirusi kinachozishambulia. Sababu ni dhahiri. Mbegu huonekana mkononi, hununuliwa, hupikwa. Nasaba ya kirusi huonekana tu pale mbegu mbili zinapopewa utomvu mmoja na kujibu tofauti.

Kifo kitokacho katika kinga

Turudi kwenye jeni I, kwa sababu ndiyo iliyonitia makosani. Jeni hii ilianza kutumiwa huko Marekani katika miaka ya 1930, na ikaenezwa katika mbegu nyingi za maharagwe mabichi ya kuuzwa kwa maganda. Mmea wenye jeni hii ukiguswa na nasaba ya kawaida, kirusi hukwama mahali kilipoingilia. Mabaka hayatokei, na punje hazirithi ugonjwa. Kwa mfugaji wa mbegu hiyo ni zawadi kubwa.

Lakini nasaba nyingine hazikwami. Seli za mmea hujiua ili kumzuia mgeni, mgeni hutangulia mbele, na kifo humfuata katika mishipa mpaka mmea wote umekwisha. Majani ya juu hutangulia kunyauka, mishipa yake ikiwa myeusi kama iliyochorwa kwa kalamu. Shina na mizizi ukiipasua huona weusi uleule ndani. Ugonjwa huu huitwa mzizi mweusi. Mmea wa kienyeji usio na jeni I, ukiambukizwa nasaba hiyohiyo, hupata batobato tu, hudumaa, lakini huishi na kuzaa punje, na baadhi ya punje hizo hubeba kirusi hadi msimu ujao.

Msomaji sasa ameona hatari ya sentensi yangu. Mbegu yenye jeni I kweli haipatwi na batobato, kwa maana ya mabaka. Mkulima akiambiwa hivyo ataipanda kando ya maharagwe ya kienyeji yenye mabaka, bila wasiwasi, na vidukari watafanya yaliyobaki. Akiona mimea inanyauka, hatafikiria batobato hata kidogo, kwa kuwa hakuna mabaka. Atamlaumu funza wa shina, au kuvu wa mizizi, au jua. Huko Rwanda, Burundi na Kivu, ambako ni desturi kupanda mbegu nyingi za maharagwe zilizochanganywa katika shamba moja, mmea wenye batobato na mmea utakaokufa kwa mzizi mweusi huweza kusimama shimo kwa shimo.

Halijoto nayo huleta utata wake. Baadhi ya nasaba huua maharagwe yenye jeni I pale tu joto linapofika nyuzi 30 au zaidi. Nyingine huua hata penye nyuzi 20. Kwa hiyo mtafiti asiyeandika halijoto ya nyumba yake ya vioo hajatuambia jambo kamili.

Kuuliza damu ya sungura

Kusoma vyungu huchukua wiki nyingi na nafasi kubwa. Njia ya pili ni ya haraka zaidi. Kirusi kilichosafishwa hudungwa katika mwili wa sungura. Damu yake hutengeneza kingamwili zinazolitambua ganda la kirusi hicho, na seramu ya damu hiyo huhifadhiwa. Mwaka wa 1977 Clark na Adams walionyesha jinsi ya kutumia kipimo cha ELISA kwa virusi vya mimea: kingamwili hufungwa kwenye kimeng'enya, na pale kingamwili zinapokutana na ganda zinalolijua, maji katika kijishimo cha sahani ya plastiki hugeuka manjano. Sampuli nyingi huweza kupimwa kwa siku moja au mbili.

Seramu iligawa nasaba za maharagwe katika makundi mawili, yakapewa herufi A na B. Ajabu ni kwamba mgawanyiko huu ulilingana na ule wa vyungu katika jambo moja kubwa: nasaba za A ndizo zilizoua maharagwe yenye jeni I hata kwenye baridi. Uchunguzi wa protini za ganda uliochapishwa mwaka wa 1992 ulionyesha kwamba tofauti baina ya A na B ni kubwa mno kuweza kuitwa tofauti ya nasaba. A ikatolewa, ikawa kirusi mbali chenye jina lake. Jambo hili msomaji wa vitabu vya zamani alikumbuke: maandishi ya kabla ya miaka ya 1990 yanayozungumzia "nasaba" NL3, NL5 na NL8 za kirusi cha batobato ya kawaida yanazungumzia, kwa hesabu ya leo, nasaba za kirusi kingine.

Majina yenyewe nayo yana mtego. NL ni Nederland, yaani Uholanzi, mahali nasaba hizo zilipotambuliwa na kuhesabiwa. Hata hivyo uchunguzi wa sampuli za Afrika, uliochapishwa na Spence na Walkey mwaka wa 1995, uliona kwamba kundi A ndilo lililotawala Afrika ya Mashariki na ya Kati, na nchini Uganda kirusi hicho kilipatikana pia katika mikunde ya porini. Wataalamu wengi wanaona kwamba chimbuko lake ni huku kwetu, ingawa haragwe lenyewe ni mgeni aliyetoka Amerika. Ni nasaba moja tu niijuayo iliyopewa jina la upande huu, nayo ni TN-1 ya Tanzania. Jina la nasaba, kwa hiyo, humtaja aliyeiona kwanza na wala halitaji kwao.

Seramu nayo hutazama ganda tu, na ganda laweza kusema uongo. Mfano mkubwa ni wa muhogo, zao ambalo naliingiza hapa kwa ajili ya kisamvu. Katika miaka ya 1990 batobato kali isiyo na kifani ilienea Uganda, mashamba yakaachwa na watu wakapata njaa. Kingamwili zilijibu kwamba ni kirusi cha muhogo cha Afrika kilichojulikana siku zote. Herufi za urithi ziliposomwa, na matokeo kuchapishwa mwaka wa 1997, ilidhihirika kuwa ni kirusi cha Afrika ya Mashariki kilichojivika sehemu kubwa ya ganda la kile kingine.

Kuuliza herufi

Njia ya tatu, basi, ni kuzisoma herufi za urithi zenyewe. RNA hunakiliwa kuwa DNA, kipande kinachotakiwa huzidishwa kwa njia ya PCR, kisha herufi husomwa moja baada ya moja na kulinganishwa na zilizokwisha kuhifadhiwa. Kwa virusi vya jamii hii kipimo kinachokubaliwa ni kwamba herufi za sehemu ndefu inayotengeneza protini zikilingana chini ya asilimia 76, hizo ni aina mbili mbali. Zikilingana zaidi ya hapo, huhesabiwa aina moja. Sina mengi ya kusema juu ya mashine hizi, ila kwamba zimepata kasi na urahisi ambao jirani yangu wa bweni angeliuonea wivu.

Ila herufi hazikuvifukuza vyungu. Mpangilio wa herufi hutuambia kirusi hiki ni ndugu ya nani. Hautuambii daima kitafanya nini kikikutana na mbegu fulani, kwa maana herufi chache zaweza kubadilisha uwezo wa kuambukiza huku nyingine elfu zikibaki vilevile. Tena mwaka wa 2005 Larsen na wenzake wa Marekani walieleza nasaba iitwayo NL-3 K ambayo mwanzo wa urithi wake umetoka katika kirusi cha batobato ya kawaida na sehemu nyingine zote katika kile cha kundi A. Yaani wazazi wake ni wa aina mbili. Lugha ya ukoo na uzawa, ambayo ndiyo niliyoichagua, inababaika hapa. Labda hapo tutumie chotara, neno ambalo wakulima wa mahindi wamekwisha kulizoea.

Istilahi

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa kuliacha neno aina lifanye kazi tatu katika sentensi moja: aina ya haragwe, aina ya ugonjwa, na aina ya kirusi. Napendekeza kazi hizo zitenganishwe. Haragwe liitwe mbegu, kama wasemavyo wakulima wanapoulizana, "Umepanda mbegu gani?", na punje iitwe punje. Aina ibaki kwa virusi vilivyo mbali. Kwa kizazi ndani ya aina moja nimetumia nasaba. Nilifikiria kabila, nikaliacha kwa sababu katika nchi hii neno hilo haliwezi kuingia mlangoni bila kuleta siasa. Ukoo na mbari yana kasoro hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Jamii limekwisha kutwaliwa, maana husemwa jamii ya kunde. Wakati wa korona, mwaka wa 2020 na 2021, redio zilisema mara "aina mpya", mara "kirusi kipya", na wasikilizaji wengi wakadhani ugonjwa wa pili umekuja juu ya ule wa kwanza. Nasaba ina faida ya kubeba ndani yake wazo la kurithi, na ndilo linalotakiwa. Makundi ya Drijfhout na yaitwe makundi tu, pamoja na nambari zake.

Jambo la pili ni vitenzi. Kukinza si kustahimili. Mbegu inayokinza humzuia kirusi. Inayostahimili huugua lakini huzaa vya kutosha, na pengine hukieneza. Vijikaratasi vingi nilivyovisoma huyachanganya maneno haya, na tofauti yake si ya wanasarufi: anayehifadhi punje za mbegu inayostahimili huhifadhi kirusi pamoja nazo.

La tatu bado halijanikalia vizuri. Kirusi cha kundi A tukiiteje? Nilipendekeza kirusi cha batobato ya kufisha. Mwenzangu akapinga: katika maharagwe ya kienyeji hakifishi, na mkulima atakayeona mabaka bila vifo atasema si chenyewe. Kirusi cha mzizi mweusi kina kasoro ileile kutoka upande wa pili. Kila jina tulilolijaribu lilitoka machoni, na macho hutofautiana kwa mbegu. Tumelitumia la kwanza kwa muda.

Wafugaji wa mbegu, kwa upande wao, wamejaribu kuiweka jeni I pamoja na jeni zile za kujificha, hasa ile iitwayo bc-3, ambayo ilikuja kujulikana mwaka wa 2010 kuwa ni badiliko katika protini ya mmea ambayo kirusi huihitaji ili kizaliane. Zikiwa pamoja, I huzuia nasaba za kawaida na bc-3 huuokoa mmea usife kwa kinga yake mwenyewe. Mbegu iliyotajwa katika maandishi niliyopewa ilikuwa na I peke yake. Kwa hiyo sentensi yangu moja ilibidi iwe nne, na mwenzangu aliipitisha hivi:

"Mbegu hii hukinza batobato ya kawaida. Haikinzi batobato ya kufisha, ambayo katika maharagwe ya kienyeji huonekana kama mabaka tu. Usiipande karibu na maharagwe yenye mabaka, wala usiichanganye na mbegu nyingine shambani. Ukiona majani ya juu yananyauka na mishipa yake ni myeusi, ng'oa mmea mmoja, upasue mzizi, na ukiwa mweusi ndani mpelekee afisa wa kilimo pamoja na jani la haragwe la jirani lenye mabaka."

Jani hilo la jirani ndilo aliloliongeza yeye kwa mkono wake.